Meza ya Saba ya Dona Mundica

Dona Mundica alikuwa na mguu mmoja wa kutembelea na mmoja wa kusimulia. Ule wa kusimulia ulikuwa wa kushoto. Kwa miaka arobaini alipasua kokwa za babasu, mchikichi mwitu wa kwetu: shoka amelibana chini ya goti, makali juu, rungu mkononi, pa, pa, pa, kuanzia alfajiri mpaka mwili ukatae. Siku moja shoka lilichoka kupasua kokwa likapasua muundi. Jeraha likawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, na kama ndugu wengi ninaowajua mimi, lilipopata pa kukaa halikuondoka. Lilikaa miaka mitatu.

Wakati huo mumewe, Zé Bento, alikuwa ameshakufa kwa tikira, ile pombe kali ya muhogo ya jimbo letu la Maranhão, yenye rangi ya zambarau utadhani ni dawa ya kupaka. Siku ya mazishi Dona Mundica aliapa kwamba tone lake halitaingia tena nyumbani mwake. Aliwahi kumrudisha mlangoni fundi wa paa kwa sababu tu alinuka, na mvua ilikuwa inavuja kitandani.

Aliyebaki naye ni mbwa wa manjano aitwaye Bacharel, yaani msomi mwenye shahada. Alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na uso mzito na hakuwa na kazi. Kila jioni Bacharel alikuja akamlamba lile donda, taratibu, kwa adabu. Nesi wa zahanati akapiga kelele, akasema ni uchafu. Dona Mundica akamwuliza kama yeye anajua zaidi ya Mtakatifu Lazaro, ambaye mbwa walimlamba vidonda na leo ana sanamu kanisani, wakati nesi hana. Kisha akaweka nadhiri: mguu ukipona, atawaandalia mbwa meza kila sikukuu ya Lazaro, miaka saba mfululizo. Donda likafunga ndani ya miezi minne. Nesi alisema ni vidonge vyake. Dona Mundica alisema ni mtakatifu. Bacharel hakusema kitu, lakini tangu siku hiyo alikuwa akitembea barabarani katikati.

Meza ya mbwa ina sheria zake, na hapa Palmeirinha hata mlevi anazijua. Unatandika shuka jeupe sakafuni. Unaalika mbwa saba, si sita wala wanane, na wenye mbwa wanawaleta wameogeshwa. Mwenye nadhiri anakaa chini pamoja nao. Anakula wanachokula, anakunywa wanachokunywa, wala hainuki mpaka mbwa wa mwisho ainuke. Na mbwa havutwi mezani. Anainuka mwenyewe, akitaka. Akivutwa, meza haijaisha, na nadhiri inabaki inaning'inia.

Mimi ni Nonato, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Dona Mundica ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo yeye kwangu ni komadre na mimi kwake ni kompadre, na undugu huo kwetu unakupa ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Mbwa wangu Serena, jike dogo jeupe lenye sikio moja jeusi, alialikwa meza zote saba. Kwa miaka sita nilimpeleka akala kuku, wali wa kitunguu na maharage yenye ngozi ya nguruwe, mimi nimesimama ukutani na mate yananidondoka. Niliwahi kumwomba komadre nafasi ya mbwa wa nane.

"Kompadre, huwezi," aliniambia. "Mbwa lazima awe na shukrani."

Mwaka wa saba mikono yake iligoma. Vidole vilivyoshika rungu miaka arobaini havikufunga tena, na wiki ile ya sikukuu aliangusha sufuria mara mbili. Hapo ndipo alipoingia Jucilene, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa amefungua duka la vyakula vya mifugo karibu na kanisa na kusoma kila kitu kilichoandikwa kwenye simu.

"Shangazi, wali wa kitunguu unaua mbwa. Soma hapa."

"Umeua mbwa gani kwa miaka sita?"

"Unaua polepole."

"Bacharel ana miaka kumi na mitatu. Basi ni polepole kweli."

Lakini sufuria ikaanguka mara ya tatu. Jucilene akaleta mfuko wa chakula cha Taji. Sisi tulikiita hivyo kwa sababu ya picha: mbwa amekaa kwenye kiti cha enzi, amevaa taji, anakutazama kana kwamba ana hati ya shamba lako. Kilikuwa chakula ghali kuliko vyote dukani. Komadre akaugeuza mfuko huku na huku, akanusa, akasema kama Lazaro angekuwa na chakula hiki asingehitaji kukaa mlangoni kwa tajiri. Nadhani alifurahi. Alitaka meza ya mwisho iwe ya fahari, na mikono haikumruhusu, na hapa fahari ilikuwa imekuja ndani ya mfuko.

Siku yenyewe, saa sita mchana, mbwa saba walikaa kuzunguka shuka, Bacharel kichwani, Serena kulia kwake. Sahani zikajazwa. Watu wakasogea karibu, maana sasa ilikuwa zamu ya komadre, na hakuna aliyeamini kwamba angekula zile punje kavu.

"Komadre," nikamwambia, "ukimaliza hapo utabweka?"

"Nikibweka, wa kwanza kung'atwa ni wewe."

Ahadi ni deni. Akatia kiganja kizima kinywani, akatafuna kwa meno yake manne ya kweli na yale ya kununua.

"Kina utamu," akasema. "Kama keki iliyosahaulika kabatini." Na akamaliza sahani nzima, kwa heshima ya mtakatifu.

Haikupita saa moja. Wa kwanza alikuwa mbwa wa mwokaji mikate: alisimama, akatembea kwa upande mpaka ukutani, akauomba ukuta radhi kwa kichwa. Wa pili akakaa chini akakosa pa kukaa. Halafu wote saba wakawa wanapepesuka, miguu ya mbele inataka kwenda sokoni, ya nyuma inataka kubaki. Watu wakaanza kutazamana.

"Nani kawapa mbwa tikira?" mwokaji akauliza.

"Nyumba hii? Thubutu!" mwingine akajibu.

Kila mtu akamgeukia Dona Mundica amjibu mwenyewe. Komadre alikuwa bado amekaa chini, kofia imemshukia jicho moja, anaucheka ukuta. Akafungua kinywa kujibu, ulimi ukamtoka mzito, neno likaanza Jumatatu likaishia Jumatano. Alikuwa amelewa chakari. Ndivyo tulivyoona. Mwanamke aliyemwacha fundi arudi zake na paa linavuja!

Hapa nitasema nilichofanya, maana wengine wote wamekwisha kukisema. Nilisema kwa sauti, "Zé Bento, njoo uone, umepata mwenzako!" Watu wakacheka wakashika mbavu. Nikaona nimechekesha, nikaongeza. Nikasema aachwe alale, pombe itamtoka. Kisha nikamfunga Serena kamba shingoni, kwa sababu mimi ni katibu wa chama cha ibada cha parokia na sikutaka mbwa wangu aonekane kwenye karamu ya walevi.

"Bwana Nonato!" Jucilene akapaza sauti. "Mbwa havutwi mezani!"

"Hii si meza tena, binti. Hiki ni kilabu."

Serena hakutaka. Alikaza miguu, kucha zikachora sakafu. Nilimvuta mpaka nyumbani, nikamfungia uani alale, nikarudi haraka nisipitwe na vituko.

Nilipofika nilimkuta Doutora Elisângela, daktari wa mifugo aliyekuwa mjini wiki ile kuchanja ng'ombe. Jucilene alikuwa amemkimbilia zizini. Alikuwa amepiga magoti kwenye shuka na viatu vyake vya samadi, anamfunua Bacharel jicho.

"Wamekula nini?"

"Hiki," Jucilene akamwonyesha mfuko.

Doutora akautazama ule mfuko akabadilika uso. Alisema wiki hiyo wenzake wa majimbo mengine walikuwa wameandikiana juu ya chakula cha aina hiyohiyo: kiwandani mtu alikuwa ametia kitu kitamu kisicho chakula, ndugu wa ile dawa ya kupozea injini za magari. Kinamfanya mnyama apepesuke kama mlevi, kisha kinashuka kwenye figo na kuzifunga.

"Na bibi huyu?" akauliza. "Naye ni mlevi?"

"Naye kala," Jucilene akasema.

"Kala nini?"

"Chakula cha mbwa."

"Kwa nini?"

Watu kumi na tano wakamweleza kwa pamoja. Sijui alielewa kiasi gani. Aliipigia simu hospitali ya mkoa. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo ya mto, maji yamefunika daraja, lingechelewa kwa saa tatu. Akazungumza na daktari wa binadamu kwa muda, akaandika tarakimu mkononi mwake kwa kalamu, kisha akatugeukia na kusema neno ambalo hatukuwa tayari kulisikia.

"Nataka pombe kali. Safi, nyingi, sasa hivi. Ndiyo inayoizuia hii sumu."

Sisi ni watu wa ibada. Hapana, hakuna aliyekuwa na pombe. Doutora akatutazama mmoja mmoja. Na baada ya dakika tano zilikuwapo chupa kumi na nne za tikira kwenye shuka la Mtakatifu Lazaro: moja ilitoka chini ya mbegu za kasuku dukani kwa Jucilene, moja ilitoka kwa mwokaji ndani ya jiko, na mbili, mnisamehe, zilitoka kwenye kabati la chama cha ibada, ambalo ufunguo ninao mimi.

Wakati huo ndipo niliposhtuka. Nikakimbia nyumbani. Serena alikuwa amelala karibu na kisima, na hakuhitaji tena chochote. Kamba ilikuwa bado shingoni.

Nilirudi, sijui kwa nini. Labda sikuwa na pa kwenda. Mbwa sita walikuwa wanamiminiwa tikira kwa mirija, kwa kipimo, mmoja mmoja, na Doutora alikuwa amepiga magoti mbele ya komadre ameshika glasi.

"Bibi yangu, kunywa."

"Sinywi."

"Ni dawa."

"Zé Bento naye aliniambia ni dawa."

"Utakufa!"

"Nitakufa mkavu."

Jucilene akalia, mwokaji akamsihi, mtu akataja wajukuu. Komadre akafunga kinywa kama mlango wa benki. Na mimi, ambaye sikustahili kusema kitu chumbani mle, nikasema.

"Komadre, mwenye nadhiri anakunywa wanachokunywa. Bacharel keshakunywa."

Akamtazama Bacharel, aliyekuwa na mrija mdomoni na zambarau kwenye ndevu. Akanitazama mimi kwa chuki ya haki kabisa. Akapokea ile glasi, akafumba macho, akameza yote.

Alikohoa. Halafu machozi yakamtoka, akamsemesha mume wake pale penye nafasi tupu, kana kwamba alikuwa amekaa mezani.

"Kumbe ndiyo hii, Zé? Kitu kibaya namna hii? Na mimi nilikuwapo nyumbani."



Gari lilipofika ilimbidi abebwe, na alipinga mpaka mlangoni akisema hajainuka, amebebwa, na aliyebebwa hajainuka. Hospitalini nako kulikuwa na maajabu yake. Daktari aliuliza amekula nini, akajibu kweli, na kwa kuwa alinuka tikira wakaandika kwamba mgonjwa ni mlevi, fukara, anayeishi kwa chakula cha mbwa. Mama wa ustawi wa jamii akamletea kikapu cha mchele na sardini. Mwanawe aliyehamia São Luís akapiga simu analia kwa kwikwi.

"Mama, kwa nini hukuniambia una njaa?"

"Sina njaa. Nilikuwa na wageni."

Kwa siku nne walimsafisha damu kwa mashine, wakamrudisha. Mbwa watano walikuwa wameshainuka wenyewe siku ileile, wakaenda kwao kwa zigizaga; wawili kati yao walikufa makwao baadaye, lakini waliinuka. Aliyebaki kwenye shuka alikuwa Bacharel. Hakuinuka. Doutora alimtundikia maji kwenye msumari wa sanamu ya Lazaro ukutani, akatuambia jambo moja tu la kushika: "Akikojoa, atapona. Asipokojoa, anzeni kumuaga."

Komadre alishuka garini, akaingia ndani, akakaa sakafuni pembeni mwa mbwa wake. Alikula pale, alilala pale. Alisema ikiwa Bacharel atakufa mezani kwake, kwa mkono wake, basi mtakatifu alimpa mguu na yeye akamlipa mzoga. Mji mzima ukawa unangoja mbwa akojoe. Asubuhi watu hawakusalimiana tena, waliulizana, "Amekojoa?" "Bado." Jumapili padri aliomba kanisani "neema ya maji kwa mmoja wetu aliyelala," na mvua ilikuwa inanyesha wiki ya tatu, lakini wote tuliitika kwa sauti.

Siku ya sita alikuja mtu wa kampuni. Kijana mwenye tai, gari jeupe lenye mbwa wa taji mlangoni, na mifuko ishirini mipya nyuma, zawadi. Alivua kofia kwa adabu, akachuchumaa kwenye ukingo wa shuka akasoma karatasi. Karatasi ilisema damu ya mgonjwa ilikutwa na pombe, damu ya mbwa ilikutwa na pombe, na kwa hiyo kampuni ilisikitishwa na desturi ya wakazi wa Palmeirinha ya kuwanywesha wanyama. Ilimtaka Dona Mundica atie sahihi kwamba tukio limekwisha.

Nyumba ilijaa, na dirishani vichwa vitatu vitatu. Komadre akasikiliza mpaka mwisho.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Jucilene, fungua mfuko mmoja wa zawadi. Mpe bwana sahani."

Sahani ikawekwa mbele ya kijana.

"Halijaisha, mwanangu. Hii ni meza, na wewe umekaa mezani. Kula kiganja kimoja tu. Ukimeza, natia sahihi."

Kijana akazitazama zile punje. Jasho likamshuka kwenye tai.

"Bibi, hiki si cha binadamu."

"Sawa. Umwite basi mbwa umpendaye."

Hakuita. Alikaa tu na sahani mbele yake, na wote tulimwona hali. Tangu siku hiyo hatukuhitaji maabara.

Ni wakati huo tuliposikia kucha sakafuni. Bacharel alikuwa anainuka. Nyuma kwanza, kisha mbele, kisha nyuma ikaanguka, akaanza upya. Jucilene akachomoa mrija. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alisimama, akamtazama kijana wa kampuni kwa ule uso wake mzito, akampita, akatoka mlangoni, na watu wakampisha kana kwamba ni askofu. Alitembea mpaka kwenye gari jeupe. Akalinusa gurudumu la mbele, akafikiri. Akainua mguu, akapepesuka, akauinua tena.

Alikojoa. Alikojoa kwa muda mrefu sana, na mji mzima ukapiga makofi, mwokaji akamkumbatia padri, na mtu akakimbia kupiga kengele ya kanisa. Kijana wa tai alisubiri amalize ndipo aingie garini. Karatasi aliisahau.

Tuliporudi ndani tukishangilia, Dona Mundica alikuwa bado amekaa.

"Inuka, shangazi!" Jucilene akamwambia. "Nadhiri imetimia!"

"Bado mmoja."

"Wote wameinuka."

"Mmoja alivutwa."

Hakunitazama. Alilainisha shuka kwa vile vidole visivyofunga, pale kulia kwa Bacharel, mahali palipokuwa na mikwaruzo ya kucha sakafuni.

"Kompadre," akasema, "njoo ukae."

Nina miaka sabini na moja na magoti ya posta. Nilibeba barua miaka thelathini. Nilikaa. Kamba ya Serena ilikuwa mfukoni mwangu tangu siku ile, na ilinibana. Jucilene akaleta sahani: wali wa kitunguu, kuku na maharage yenye ngozi ya nguruwe, chakula ambacho kwa miaka sita nilikimezea mate ukutani. Nilikula kwa mkono, nimeinama. Sikuonja kitu, ni chumvi tu, na ile ilikuwa yangu mwenyewe. Komadre alikula nami, tonge kwa tonge, mpaka sahani zikawa nyeupe.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, komadre."

"Basi hakuna atakayekuvuta," akasema. "Inuka ukitaka."

Nilichelewa. Watu walisimama tu wakingoja, na nje kengele ilikuwa bado inalia, na Bacharel alikuwa amerudi amelala mlangoni. Nikashika sakafu kwa mikono miwili, nikainuka. Komadre naye akainuka.